Upande Usio na Mlinzi

Mwezi Mei mwaka juzi niliongoza wiki nzima ya maombi ya alfajiri katika usharika wetu hapa Dar es Salaam, na neno nililolichagua kwa wiki hiyo lilikuwa swali la Yesu kwa Petro kule Gethsemane: "Simoni, umelala? Hukuweza kukesha saa moja?" Kila siku nilifika wa kwanza, saa kumi na nusu, nikafungua milango, nikawasha taa za madhabahuni, nikapanga viti vya mbele, na ilipotimia saa kumi na moja mimi ndiye niliyekuwa nikianzisha wimbo wa kwanza. Watu walisema wamebarikiwa, nami nilirudi nyumbani kujiandaa kwenda kazini nikiwa na moyo mwepesi. Leo nasema kwa majonzi kwamba wiki ile nilikuwa nimelala usingizi mzito kuliko wakati mwingine wowote tangu nilipompokea Bwana Yesu.

Tunapotaja kukesha, mawazo yetu hukimbilia mkesha wa Ijumaa, au ule wa tarehe 31 Desemba ambapo kanisa hujaa hadi watu wanasimama nje madirishani. Siudharau mkesha hata kidogo, kwa maana nimepokea mengi katika usiku wa namna hiyo. Hata hivyo, katika mfano wa wanawali kumi, Bwana anasema wazi kwamba bwana arusi alipokawia "wote wakasinzia wakalala usingizi", wenye busara na wapumbavu pamoja, na waliofungiwa nje hawakufungiwa kwa sababu walifumba macho. Kuwa macho kwa mwili ni jambo jema, lakini silo jambo lenyewe.

Kitenzi cha Kigiriki kilicho nyuma ya neno "kesheni" ndicho kilichozaa jina Gregori, jina ambalo wengi wetu tuna mjomba au jirani anayeitwa hivyo, na maana yake ni mtu aliye macho. Yesu alilitumia katika Marko 13 akiwa anasimulia habari za bawabu aliyeamriwa kukesha mlangoni, kisha akazitaja zamu nne ambazo Warumi waligawia usiku wao: jioni, usiku wa manane, awikapo jogoo na asubuhi. Kwa hiyo ni neno la ulinzi. Na mlinzi yeyote wa getini atakuambia kwamba kazi yake haiishii kwenye kutolala, kwa sababu anaweza kukaa macho usiku kucha akilitazama geti huku wezi wakipitia ukuta wa nyuma. Mlinzi anayejua kazi hujiuliza kwanza adui anaweza kuingilia wapi, na zaidi hujiuliza ni wapi ambapo yeye mwenyewe hapatazami kwa sababu amekwisha kuamini kwamba hapaingiliki.

Nililielewa jambo hili nilipousoma upya ujumbe kwa kanisa la Sardi katika Ufunuo sura ya 3. Sardi ulikuwa mji mkuu wa ufalme wa Lidia, katika nchi ambayo leo ni Uturuki, na ulisifika kwa utajiri kwa sababu Mto Paktolo uliopita hapo ulibeba mchanga wenye dhahabu. Ngome yake ilikaa juu ya genge la mlima, na pande zake nyingi zilikuwa zimechongoka kiasi kwamba wenyeji hawakuona sababu ya kuweka askari huko. Karibu mwaka 546 KK ukazingirwa na Koreshi mfalme wa Waajemi, yule yule ambaye baadaye aliwaruhusu Wayahudi kurudi Yerusalemu. Inasimuliwa kwamba wakati wa mazingiwa hayo askari mmoja wa Lidia aliangusha kofia yake ya chuma, ikabiringika chini ya genge, naye akashuka kuifuata, akaiokota, akapanda tena kwa njia ile ile. Hakujua kwamba askari mmoja wa Koreshi alikuwa akimtazama. Kesho yake Waajemi wakapanda pale pale alipopanda yeye, wakakuta hakuna mlinzi, na mji ukaanguka.

Mtu angedhani kwamba mji uliopatwa na jambo hilo usingelisahau kamwe. Zaidi ya miaka 300 baadaye, mfalme Antioko wa Tatu aliuzingira mji huo huo kwa zaidi ya mwaka bila mafanikio, mpaka askari wake mmoja kutoka Krete alipogundua kitu cha ajabu. Kulikuwa na sehemu ya ukuta juu ya bonde ambako wenyeji walitupa mizoga, na tumbusi, ndege walao mizoga, walikuwa wakishiba huko bondeni kisha wanatua juu ya ukuta na kupumzika kwa utulivu. Askari yule akajiambia kwamba ndege hawawezi kutulia mahali palipo na watu, basi sehemu ile haina mlinzi. Wakaingilia hapo, kwenye genge lililochongoka, mahali ambapo watu wa Sardi walikuwa na uhakika napo kuliko pote.

Kila ninapofika kwenye habari ya wale tumbusi huwa natulia kidogo. Wenyeji wa mji hawakuuona udhaifu wao, lakini kila aliyekuwa nje na mwenye macho aliweza kuuona. Ndipo yanapokuja maneno ya Bwana aliyefufuka kwa kanisa la mji huo: "una jina la kuwa hai, nawe umekufa. Uwe mwenye kukesha, ukayaimarishe mambo yaliyosalia, yanayotaka kufa." Kisha anawaambia kwamba wasipokesha atawajia kama mwivi. Naamini Mkristo wa Sardi aliyesomewa barua ile hakuhitaji kueleweshwa mwivi huingiaje.

Sasa niseme genge langu mwenyewe lilikuwa wapi.

Katika usharika wetu nilikuwa mtunza hazina kwa miaka sita. Nilipookoka nilikuwa nimetoka katika maisha ya pombe na hasira, kwa hiyo tangu mwanzo niliweka ulinzi mkali huko: sikukaa na watu fulani, sikupita mitaa fulani, na hata sauti yangu ilipopanda kidogo nyumbani, mke wangu alinitazama tu nami nikashuka. Upande wa fedha sikuwahi kuuwekea mlinzi, kwa sababu uaminifu katika fedha ndio uliokuwa sifa yangu. Baba yangu alikuwa karani mwaminifu, nami nililelewa hivyo. Tulipohesabu sadaka baada ya ibada ya pili, wazee wenzangu waliniachia hesabu ya mwisho bila kuikagua, na mchungaji alizoea kusema kwamba daftari la ndugu huyu halina haja ya kufunguliwa mara mbili. Alisema kwa nia njema kabisa, nami niliyapokea maneno hayo kama mto wa kulalia.

Mwaka huo kwaya ilikuwa inachangisha fedha za sare mpya, shilingi 45,000 kwa kila mwanakwaya, na kwa kuwa watu walilipa kidogo kidogo, tulikubaliana kwamba watume kwa simu kwenye namba yangu. Daftari liliandikwa vizuri. Lakini simu haina mifuko miwili: inaonyesha salio moja tu, na fedha ya kwaya na fedha ya mkate wa watoto hulala humo zikiwa zimekumbatiana. Mwezi Januari ada ya mtoto ilipungua shilingi 150,000, nikazichukua humo, nikazirudisha baada ya mshahara, nikamshukuru Mungu kwamba amenipitisha. Sikuona kuwa ni wizi, kwa maana nilikuwa najua nitarudisha, na kweli nilirudisha. Mwezi Machi pikipiki iliharibika, nikachukua 80,000, nikazirudisha baada ya wiki mbili. Mara hii sikumshukuru Mungu wala sikujisikia vibaya, na sasa ninaiogopa ile mara ya pili kuliko zote, kwa sababu moyo wangu ulikaa kimya kabisa.

Mara ya tatu ilikuwa Mei, wiki moja kabla ya maombi yale ya alfajiri. Hapakuwa na shida yoyote nyumbani. Kulikuwa na harusi ya mpwa wangu, nami nikiwa mjumbe wa kamati nilikuwa nimetangaza mbele ya watu mchango wa shilingi 200,000, na siku ya kikao cha mwisho sikuwa nazo. Nikakaa pembeni ya kikao, nikafungua simu chini ya meza, nikatuma. Katibu akasoma jina langu, watu wakapiga makofi, nami nikaitika kwa kuinua mkono. Nilichokilinda siku ile lilikuwa jina langu, na nililinda kwa fedha iliyotolewa na akina mama wanaouza maandazi ili wapate kitambaa cha kumsifia Mungu.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nilikuwa nikimtafuta Shetani kwenye baa za mtaa wa pili.

Petro naye ana genge lake, na nadhani ndiyo sababu Injili zote nne hazikulificha anguko lake. Usiku ule alikuwa amejiandaa: Yohana anatuambia alikuwa na upanga, na aliutumia. Ujasiri ndio uliokuwa upande wake imara, kwani ndiye aliyesema kwamba wajapochukizwa wote, yeye hatachukizwa kamwe. Mbele ya kikosi chenye silaha hakukimbia mara moja, lakini mbele ya kijakazi aliyeuliza swali moja kando ya moto wa makaa alianguka, tena hapo hapo penye ujasiri. Luka anaongeza neno ambalo wahubiri wengi huliruka, kwamba Yesu aliwakuta wanafunzi wamelala usingizi "kwa huzuni". Si kila usingizi wa kiroho unatokana na uzembe. Kuna wanaolala kwa sababu wamechoka kuuguza, au wamefiwa, au wameomba jambo moja kwa miaka mingi hadi maneno yamekwisha, na watu hao hawahitaji kukemewa bali wanahitaji mtu wa kukaa nao. Usingizi wangu haukuwa wa namna hiyo, lakini nisingependa ndugu aliyelala kwa huzuni ajihesabu pamoja nami.

Petro huyo huyo ndiye aliyeandika baadaye: "Mwe na kiasi na kukesha, kwa kuwa mshitaki wenu Ibilisi, kama simba angurumaye, huzunguka-zunguka, akitafuta mtu ammeze." Simba anayezunguka boma anatafuta upenyo, na aliyeandika hivyo alikuwa amepenyewa. Kwa karne nyingi Kanisa la Magharibi limeyasoma maneno haya katika sala ya usiku, kabla watu hawajaenda kulala, nami naona kuna hekima kubwa katika kumwambia mtu akeshe wakati ule ule anapopanda kitandani.

Hapa kwetu Afrika Mashariki neno la kuamka lina historia yake. Katika miaka ya 1930, kule Gahini kando ya Ziwa Muhazi nchini Rwanda, kijana Mganda aitwaye Blasio Kigozi, mdogo wa mhubiri Simeoni Nsibambi wa Kampala, alikuwa mwalimu katika misheni, na moyo wake uliungua kwa sababu aliona kanisa lenye majengo, shule na hospitali lakini lililopoa. Neno lake lilikuwa moja la Kiganda, "Zukuka", yaani amka. Mwanzoni mwa mwaka 1936 alikwenda Kampala akiwa na maswali ya kuiuliza sinodi, yaani mkutano mkuu wa kanisa: kwa nini kanisa limepoa, na kwa nini watu wanaoishi dhambini waziwazi wanaikaribia meza ya Bwana. Hakuwahi kuyauliza kwa kinywa chake, kwani Januari hiyo hiyo alifariki kwa homa ya papasi. Lakini neno lake liliendelea kuishi baada yake. Uamsho, lile vuguvugu la kiroho la miaka hiyo, ulivuka kutoka Rwanda na Uganda hadi Kagera na Kenya, na alama yake haikuwa kelele tu, ingawa kelele zilikuwapo. Alama yake ilikuwa watu kutembea nuruni, kama lisemavyo neno la 1 Yohana 1:7, wakiziungama mbele ya ndugu hata dhambi ndogo, na kurudisha walichochukua: jembe, nguo, fedha za mwajiri.

Sisemi kwamba Uamsho haukuwa na makosa. Wako waliogeuza toba kuwa kipimo cha kuwapimia wenzao, na baadaye huko Uganda kundi moja liliwaona ndugu zao kuwa wamelala tena, na undugu ukapasuka. Hata kuwa macho kuna genge lake lisilo na mlinzi. Pamoja na hayo, ninamshukuru Mungu kwa watu wale kwa sababu mmoja wao aliniamsha mimi.

Katika jumuiya yetu yuko mama mmoja mzee kutoka Bukoba, aliyeokoka akiwa msichana katika siku za Uamsho. Hana cheo chochote usharikani. Jumamosi moja ya mwezi Juni tulikutana nyumbani kwa mwanajumuiya mmoja, na ulipofika wakati wa ushuhuda yeye akasimama, akairekebisha kanga yake begani taratibu, akasema, "Bwana Yesu asifiwe. Jumatano kijana wa dukani alinirudishia chenji ikazidi shilingi elfu mbili. Niliiona nikiwa bado mlangoni. Nikasema moyoni, duka lake ni kubwa. Nikalala nayo siku mbili, na maombi yangu yakawa kama naongea na ukuta. Ijumaa nikamrudishia, nikamwomba msamaha. Damu ya Yesu imenisafisha." Akaketi. Haikuchukua hata dakika mbili. Hakulia wala hakupandisha sauti, na watu wakasema amina kama kawaida, wimbo ukaanza.

Mimi sikuweza kuimba. Niliitoa simu mfukoni nikatazama salio: lilikuwa shilingi 614,300. Daftari lililokuwa ndani ya mkoba wangu lilisema kwamba fedha ya kwaya peke yake ilipaswa kuwa 790,000. Yule mama alikuwa amelala siku mbili na elfu mbili akasikia kwamba maombi yake yamegonga ukuta, na mimi nilikuwa nimelala mwezi mzima na laki mbili, nikaongoza maombi ya alfajiri, na sikusikia kitu.

Usiku ule nilimweleza mke wangu. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akaniuliza jambo moja tu: kama siku ile ya kikao cha harusi, alipokuwa ameketi karibu nami akipiga makofi, nilikuwa nimeshatuma fedha hizo. Nikasema ndiyo. Jumatatu nilikwenda kwa mchungaji nikiwa na daftari na fedha kamili, ambazo mke wangu alikuwa ameziongezea kutoka akiba yake ya kikundi cha akina mama. Mchungaji hakunikemea wala hakulifanya jambo kuwa dogo. Alisema, "Ndugu, tuhesabu," tukahesabu mstari kwa mstari, na mwishoni akaniombea kwa maneno ya Yesu kwa Petro: "nimekuombea wewe ili imani yako isitindike." Baraza la wazee liliambiwa, na kwaya ikaambiwa, kwa kinywa changu mwenyewe. Nikaachia hazina. Baadhi ya wanakwaya hawakunisalimu kwa miezi kadhaa, na sikuwalaumu.

Watu huniuliza sasa ninakeshaje, nami sina mbinu kubwa ya kuwapa. Ninaiomba Zaburi ya 139 polepole kabla ya kulala, ile mistari ya mwisho inayomwomba Mungu auchunguze moyo, na siku hizi simwombi achunguze pale ninapojua kuwa ni dhaifu, kwa kuwa huko mimi mwenyewe ninalinda. Ninamwomba aanzie pale ninaposifiwa. Fedha ya mtu mwingine haikai tena kwenye simu yangu hata kwa usiku mmoja. Na nimemwomba yule mama kutoka Bukoba aniruhusu nimpigie kila Jumamosi jioni nimweleze wiki yangu ilivyokuwa, kwa maana nimejifunza kutoka Sardi kwamba aliye nje ya ukuta humwona tumbusi kabla yangu. Wapo watakaosema kwamba Mkristo anatosheka na kumweleza Mungu peke yake. Ni kweli msamaha ni wa Mungu, na ni kweli pia kwamba Bwana asipoulinda mji, aulindaye akesha bure. Lakini kwa miezi mitano nilimweleza Mungu kila kitu isipokuwa kile kimoja, na nilidhani nimemaliza.

Jumamosi iliyopita nilimpigia. Nikasema, "Shikamoo mama," akaitikia, "Marahaba mwanangu, Bwana asifiwe, wiki ilikuwaje?" Nikamwambia kwamba usharika jirani ulikuwa umenialika kutoa ushuhuda wa jinsi nilivyotubu habari ya fedha, na kwamba nilipokuwa nikijiandaa mbele ya kioo nilijikuta nikichagua maneno yatakayowafanya watu walie, na nikiwaza jinsi watakavyoniona kuwa mtu mnyenyekevu. Nikamwambia kwamba toba yangu yenyewe imekwisha kuwa jina langu jipya, na kwamba ninaogopa. Alikaa kimya kidogo. Nilisikia sauti ya kuku uani kwake, na ya mtoto anayemwita bibi.

"Asante kwa kunieleza, mwanangu," akasema. "Tutaliombea sasa hivi. Ila usikate simu kwanza, na mimi ninalo langu."